Lugha Iliyombakia Madhulata

Adelphi, Maryland
9 Februari 2025

Jacqueline mjukuu wangu,

Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto, na habari za goti usiniulize maana nitakueleza mpaka karatasi iishe. Barua hii anakuletea Respicius, anakuja Mwanza kumzika mama yake mkubwa. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mlinzi wa hapo redioni kwenu. Nawe usinijibu kwa simu. Simu yangu wanaichezea watoto wa mjomba wako Cosmas, wanasoma kila kitu halafu wanajifanya Kiswahili hawakijui. Andika, mpe Respicius arudi nayo. Na senene, kama umebakiwa nao.

Nimepata kazi. Mjomba wako amenuna, anasema mama wa miaka sitini na tisa akae dirishani aangalie theluji. Nimeiangalia miaka mitatu, haina jipya.

Kazi yenyewe ni kukaa na mama mmoja wa Kihindi hapa Takoma Park, ana miaka sabini na sita, alipigwa na kiharusi Oktoba. Mkono wa kulia umelala na upande mmoja wa mdomo umeshuka. Mwanawe anaitwa Nikhil, mtu wa ofisini, mpole, anakula amesimama kama anachelewa basi. Sasa nisikilize. Tangu siku ile ya kiharusi huyo mama akawa anasema maneno ambayo nyumba nzima hawayaelewi. Kihindi hana tena. Kiingereza hana. Mwanawe akimsemesha anamtazama kama mtu aliyekosea mlango. Wakadhani anaropoka, mpaka hospitali nesi mmoja Mkenya, Mumbi, tunasali naye Hyattsville, akamsikia anasema, "Funga dirisha, baridi." Mumbi akamwambia yule kijana, mama yako haropoki, mama yako anaongea Kiswahili.

Daktari anasema inatokea. Ugonjwa unafuta lugha zilizokuja baadaye, unaacha ile ya chini kabisa. Ndivyo nilivyotafutwa.

Na Kiswahili chenyewe, Jacqueline, ni cha kutuma watumishi. Siku ya kwanza nimeingia, nimevua koti, nimempa shikamoo maana kanizidi, akanitazama toka kichwani hadi viatuni akasema, "Wewe yaya, leta chai." Nikageuka kuona kama kuna mwingine nyuma yangu. Mimi Genoveva, mjane wa katekista, mwenye wajukuu kumi na mmoja, niitwe yaya. Nikamwambia, mama, ukitaka chai sema naomba chai, na mimi nina jina. Akasema, "Leta chai upesi." Nikavuta kiti nikakaa. Tukatazamana saa nzima na chai haikuletwa. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu akasema, "Genoveva, chai," nikaona tuanzie hapo.

Sasa ndiyo sababu ya karatasi. Wiki iliyopita nilikuwa namchana nywele, nikamuuliza kama naumiza, akageuza shingo kabla ya kujibu. Kitana kikanidondoka. Shingo ile naijua. Babu yako alinipeleka sinema Bukoba mwaka ule tulioana, tukaona picha ile ile mara tatu, yule mwanamke wa sari nyeupe anayesubiri treni na hataki kulia. Wanaume wazima walilia, yeye hakulia. Nikamuuliza, wewe ndiye Madhulata? Akasema, "Ndiyo. Nyamaza."

Nimetia saini kwa Nikhil kwamba sitasema nje. Wewe si nje, wewe ni damu yangu. Ila ukimwambia mtu nitajua.

Bibi yako,
Genoveva


Mwanza
2 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Barua nimeipata, Respicius aliniletea mpaka mlangoni na akakataa kuondoka kabla sijaifungua mbele yake, anasema ndivyo ulivyomwagiza. Senene wamo kwenye kopo la maziwa, waliobaki ni hao.

Bibi, naomba usikasirike. Mimi kila Jumamosi nasimulia sinema za Kihindi redioni, hao watu nimewasoma. Madhulata amezaliwa Lucknow, babu yake alikuwa mshairi wa watu wakubwa, na ile lugha yake ndiyo iliyomfanya Madhulata. Sura nzuri walikuwa nazo wengi. Watu walikwenda sinema kumsikiliza anavyotamka. Akaacha kazi mwaka tisini na nne, hajapigwa picha tena mpaka leo, wala hakuna ajuaye yuko nchi gani. Mtu kama huyo atajulia wapi "leta chai upesi"? Nafikiri umepata mama wa Kihindi wa Kampala au Nairobi, akakukumbusha ujana wako na babu. Akajibu ndiyo kwa sababu ulimuuliza.

Lakini kama ni yeye. Bibi, kama ni yeye kweli, nipe picha moja tu. Au sekunde kumi za sauti yake. Kipindi changu ni cha majaribio, miezi sita, na bosi wangu Ombeni anasema nisipoleta kitu ambacho hakuna redio nyingine inacho, Juni anakitoa kwa mtu wa mpira. Sitasema yuko wapi. Nitasema nimemsikia tu.

Nakuomba ufikirie. Msalimie mjomba.

Mjukuu wako,
Jacqueline


Adelphi
23 Machi 2025

Jacqueline,

Nimefikiria, jibu ni hapana. Lingekuwa hapana hata bila kufikiria.

Unaniambia mimi nimechanganya watu. Wewe umemjua Madhulata kwenye vitabu, mimi namwogesha. Nimemuuliza wapi kwao, nikategemea atasema hiyo Lucknow yenu. Akasema, "Lucknow uongo. Musoma kweli." Baba yake alikuwa na duka Musoma, akiitwa Jamnadas, akiuza viatu na mafuta ya taa. Mama yake aliugua kwa muda mrefu, mtoto akalelewa jikoni na yaya, kwa hiyo Kiswahili kilimwingia kabla ya Kigujarati cha nyumbani. Jina lake ni Hansa. Alipofika miaka kumi na saba wakampeleka Bombay kwa shangazi, mtu wa sinema akamwona, akampa jina, akampa na mji wa kuzaliwa. Akamfungia na mwalimu wa lugha mwaka mzima mpaka Musoma ikamtoka mdomoni. Haya yote nimeyakusanya kwa wiki mbili, maneno matatu matatu, maana yeye anasema neno, anapumzika, anasema jingine.

Mwanawe mwenyewe hakuyajua. Juzi nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuulizia njia, akakaa kwenye ngazi. Halafu akaniambia kitu ambacho nataka wewe ukisome mara mbili. Kabla ya ugonjwa mama yake alimwapisha kwamba asionekane na mtu, abaki vile watu walivyomwacha. Habari ikitoka, waandishi wakija mlangoni, atamhamishia mbali, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa yenye ulinzi, na majina yatabadilishwa. Unaelewa maana yake? Huko hakuna Kiswahili. Mama huyu atakaa na watu wazuri wenye glovu, atasema "funga dirisha" mpaka afe na dirisha liko wazi.

Kwa hiyo usiniombe sekunde kumi. Ukitaka kipindi chako kipone, kifanyie kazi. Mungu peke yake ndiye nitakayemweleza shida ya mama huyu waziwazi bila kuficha kitu, na yeye hana redio.

Anayekuletea ni Mama Audrey. Asante kwa senene. Nusu walikuwa wamevunjika.

Bibi yako,
Genoveva


Adelphi
14 Aprili 2025

Jacqueline,

Salamu sina.

Alhamisi asubuhi nimeshuka kwenye basi nikakuta magari mawili mbele ya nyumba na kijana mwenye kamera amekanyaga maua. Nikhil amefunga mapazia yote. Alikuwa na simu mkononi, akanionyesha. Habari imeandikwa Kihindi, imeandikwa Kiingereza, kuna picha ya mama kijana na sari nyeupe na pembeni ramani ya Afrika. Akanisomea polepole ili nielewe. Kwamba Madhulata yuko Maryland, anaumwa, amepoteza lugha, na kwamba malkia wa Lucknow ni binti wa muuza duka wa Musoma, Tanganyika.

Musoma. Neno hilo nimelisema kwako, kwenye barua, kwa mkono wangu. Ukiacha Nikhil mwenyewe, mtu mwingine sijamwambia. Mjomba wako hajui hata jina la ninayemlea.

Nilikuambia nitajua, nimejua. Picha ulikosa, sauti ulikosa, ukauza maneno. Ulisema sitasema yuko wapi. Nilikulea miaka sita mama yako alipokuwa Geita, nikakupeleka shule mimi ambaye niliishia darasa la nne, nikajua nimepeleka mtu. Kumbe nilikuwa napeleka mdomo.

Nikhil aliponiuliza ni nani, sikukuficha. Nilikutaja. Nimempa jina lako, jina la redio yako na la huyo Ombeni wako. Nikamwambia, damu yangu imenitia aibu, na mimi siifichi aibu.

Ameniambia nikae nyumbani kwanza. Yule mama alikuwa anasikia yote toka chumbani, ananiita. Nimeondoka ananiita.

Usinijibu.

Genoveva


Mwanza
29 Aprili 2025

Bibi,

Umesema nisijibu. Nitajibu mara hii moja, halafu nitatii.

Wakili wa Nikhil amemwandikia bosi. Kurasa nne. Ombeni aliniita mbele ya wenzangu, akanisomea, akanikabidhi mkoba wangu. Kipindi amepewa mtu wa mpira, hakungoja hata Juni. Nilipomuuliza wakili amejuaje jina langu, akasema, wanasema umetajwa na bibi yako.

Siku mbili sikula. Si kwa ajili ya kipindi. Nilikuwa najiuliza, Bibi anawezaje kuamini hivyo na asiniulize hata swali moja.

Siku ya tatu nikaanza kutafuta, maana maneno yana mahali yalipoanzia. Yale magazeti ya India yalinukuu ukurasa mmoja wa mtandaoni wa Wahindi wa huko kwenu. Ukurasa ule ulionyesha klipu ya sekunde arobaini, mwanamume anasoma Kiswahili mbele ya madhabahu, na chini wametafsiri. Nikaitafuta video nzima. Ni Misa ya Kiswahili ya Hyattsville, Jumapili ya tarehe sita Aprili, imerushwa mubashara kama kila mwezi. Iangalie, Bibi. Dakika ya thelathini na saba. Mzee Ferdinand anasoma nia za Misa. Anamwombea marehemu wa mtu, anaombea mitihani ya mtu, halafu anasema hivi, nimeyaandika kama alivyoyasoma:

"Kumwombea mgonjwa Madhulata, mcheza sinema wa India, aliyezaliwa Musoma dukani kwa Jamnadas, amepoteza lugha zote isipokuwa Kiswahili, yuko hapa Takoma Park, Mungu amrudishie kauli. Ameomba Genoveva."

Wewe umekaa benchi la pili. Umevaa kile kitambaa cha bluu nilichokutumia. Unasema amina.

Mimi sikumwambia mtu, Bibi. Kosa langu ni moja, na nakueleza lisije likakufikia kwa njia nyingine. Machi nilimwambia Ombeni kwamba huenda nitapata habari kubwa. Sikusema ya nani. Alinibana nikakaa kimya.

Sasa natii. Sitaandika tena.

Jacqueline


Adelphi
18 Mei 2025

Jacqueline mjukuu wangu,

Barua yako ilifika tarehe sita. Leo ni kumi na nane. Siku hizo zote sikuwa naumwa.

Niliiangalia hiyo dakika. Nilimwomba mtoto wa Cosmas anifungulie, nikamwambia nataka kusikia kwaya. Niliiangalia mara nne. Kila mara nategemea Ferdinand ataruka mstari.

Nitakueleza nilivyofanya, si kujitetea. Kwetu ukimwombea mgonjwa unamtaja. Huwezi kumpelekea Mungu mgonjwa asiye na jina, na asiye na kwao, kama kifurushi kisicho na anwani. Nilisema, nikiandika "mgonjwa wa Takoma Park" wako wangapi? Nikaandika vyote, nikaikunja karatasi, nikaiweka kwenye kikapu pale mlangoni, na kwa akili yangu kikapu kile kilikuwa kinakwenda juu. Kamera ile naiona kila mwezi. Nilidhani ni ya wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani. Nimesali kwenye kamera hiyo miaka mitatu, halafu nikakuhukumu wewe.

Nimekukosea. Nimeliandika, lisome unavyotaka. Mtu mzima kumwomba mtoto msamaha si jambo nililofundishwa, kwa hiyo kama nimelifanya vibaya nivumilie.

Jumatatu nilipanda basi nikaenda kwa Nikhil bila kuitwa. Nikamwambia siyo mjukuu, ni mimi, kanisani. Nikamwonyesha. Alicheka kwanza, kile kicheko cha mtu aliyechoka, halafu akafuta macho. Ameshamwandikia wakili, na wakili atamwandikia huyo Ombeni kwamba huna kosa. Nilisimama pale mpaka akatuma.

Nikamuuliza mama anaendeleaje. Akafungua mlango wa chumba. Jacqueline, mwezi mmoja tu. Amekonda. Wamemletea wasichana wawili, wazuri, wanamwimbia, yeye hasemi kitu. Sahani ameivunja ukutani. Aliponiona alisema maneno mengi kwa mara moja kuliko yote niliyowahi kumsikia, na yote yalikuwa matusi ya jikoni Musoma. Sikumkatiza.

Nikhil ameniambia hivi. Nyumba ya kumhamishia ameshaipata, jimbo la mbali, wanasubiri tarehe kumi na tano Juni. Lakini magazeti bado hayana picha, yana klipu ile tu, na klipu ile ni neno la bibi mmoja. Kama bibi huyo atasimama mahali pale pale, mbele ya kamera ile ile, aseme alidanganya, kwamba mgonjwa wake ni Mhindi wa kawaida na sinema alijitungia, basi watu wataondoka mlangoni na mama atabaki. Na mimi nitarudi kazini. Misa ijayo ya Kiswahili ni tarehe moja Juni.

Niliingia kwa mama nikamuuliza yeye. Nikasema, Hansa, unataka watu wajue wewe ni wa Musoma? Akasema, "Hapana. Lucknow." Akageukia ukuta.

Sina usingizi wa mchana wala hamu ya kula. Unajua watu wetu wa hapa. Ukisimama ukasema umedanganya kanisani, utaitwa hivyo hata kwenye mazishi yako.

Bibi yako,
Genoveva


Mwanza
26 Mei 2025

Shikamoo Bibi,

Barua hii inakuja na rubani, rafiki wa rafiki, nimembembeleza uwanja wa ndege ikufikie kabla ya Jumapili.

Nimekusamehe. Nilikuwa nimekusamehe kabla ya kuandika ile ya Aprili, ndiyo maana iliniuma.

Wakili ameandika kweli na Ombeni amenirudishia kipindi. Mtu wa mpira amehamishiwa asubuhi. Sasa Ombeni anataka Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni nizungumzie Madhulata saa nzima, maana simu hazikatiki. Zinatoka Musoma, Bibi. Watu wamefurahi huko kuliko unavyoweza kudhani. Mzee mmoja anasema viatu vyake vya kwanza alinunuliwa kwa Jamnadas na kwamba kulikuwa na katoto ka kike kakikaa juu ya kaunta kanaamuru wateja. Mwalimu anataka kuwapeleka wanafunzi wakaone duka lilipokuwa. Wanamwita binti yetu.

Na wewe unataka kusimama uwanyang'anye.

Usifanye, Bibi. Hujawahi kumwinamia mtu. Babu alikuwa anasema Genoveva hata akipiga magoti kanisani unaona kama Mungu ndiye aliyekuja kumtembelea. Ukisema ulijitungia watasema umezeeka vibaya. Hawatasema kwa ubaya, watasema kwa huruma, na hiyo utaiweza? Kusema ukweli si kosa. Nyumba ile ya wagonjwa labda si mbaya. Labda watapata mtu wa Kiswahili huko.

Niambie nisemeje Jumamosi. Musoma au Lucknow?

Mjukuu wako,
Jacqueline


Adelphi
8 Juni 2025

Jacqueline mjukuu wangu,

Barua ilifika Ijumaa. Umeandika "labda" mara mbili pale karibu na mwisho, nikajua hata wewe huamini.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Nikamwambia Padre kesho nitasema uongo kanisani kwako. Akasema dhambi ambayo hujaitenda huwezi kuungama. Nikamwambia basi tutaonana wiki ijayo.

Jumapili nilivaa kile kitambaa cha bluu ili wasiseme ni mwingine. Baada ya matangazo nikanyoosha mkono, Ferdinand akanipa kipaza sauti akidhani naleta salamu za mgeni. Nikatafuta kamera ilipo, nikaitazama. Nikasema, ndugu zangu, ile nia yangu ya Aprili haikuwa kweli. Mgonjwa wangu ni mama wa kawaida, Mhindi wa Nairobi. Sinema niliongeza mimi. Niliona kila mtu hapa ana mtoto daktari, ana mtoto ubalozini, nikataka na mimi niwe na kitu. Mnisamehe.

Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe, na ndilo walilolisadiki.

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Chini ukumbini nilipewa pilau kabla ya wazee wengine, Mumbi akanishika mkono akanitazama machoni. Yeye ndiye nesi aliyemsikia hospitali, anajua na hatasema. Wengine wote wananisemesha polepole sasa, kwa sauti kubwa, kama vile masikio ndiyo yaliyodanganya. Mjomba wako alinirudisha nyumbani kwa gari kupitia University Boulevard. Tulipofika akazima injini akasema, "Mama, umeanza lini kusahau vitu?" Ameniwekea miadi kwa daktari wa kumbukumbu, Alhamisi. Nitakwenda. Siwezi kumwambia hapana bila kumwambia na kwa nini. Hilo ndilo lililonikaa kifuani kuliko kanisa.

Watu wa kamera waliondoka Jumanne. Nikhil anasema kule India wameandika kichwa cha habari kuhusu bibi wa Kiafrika aliyeota sinema. Amefuta ile nyumba ya mbali. Jumatano nikarudi kazini.

Kuhusu Jumamosi yako, sijui kama barua hii itakuwahi. Musoma usiseme. Na Lucknow nayo usiseme, mwongo natosha mimi mmoja. Zungumzia picha zake, ile ya treni, alivyosimama, watu walivyolia. Mzee wa viatu mwache na viatu vyake, usimkanushe. Watu wa Musoma wakitaka kuamini, kamera yangu haifiki huko.

Sasa nikueleze mwisho. Jumatano nimemkuta mama amekaa kitini, amechanwa vibaya na wale wasichana. Nikamweleza yote, kanisa, kipaza sauti, kicheko, mjomba wako. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nikadhani atasema asante, ingawa neno hilo hajawahi kulisema. Akafumbua macho akasema, "Simama. Onyesha."

Nikasema nionyeshe nini? Akasema, "Kanisa. Sema."

Nikasimama katikati ya sebule na goti langu nikasema tena kama nilivyosema. Akatikisa kichwa. "Mkono chini." Nikaweka mkono chini. "Tena. Polepole." Nikarudia. Nilipofika kwenye kutaka na mimi niwe na kitu nikafuta macho, akapiga kiti kwa mkono mzima. "Hapana futa. Acha." Mara ya tatu nikayaacha machozi yashuke, nikasema mpaka mwisho, nikabaki nimesimama. Akasema, "Hiyo."

Nikakaa. Halafu akasema bila kuulizwa, "Mimi, Lucknow, siku ya kwanza, tapika."

Nikamuuliza, halafu?

"Halafu zoea."

Nikamwambia mimi sitazoea, Hansa, na sitaki kuzoea, Jumamosi nakwenda kwa Padre. Akanitazama, akanihurumia kama wanavyonihurumia kule ukumbini.

"Basi," akasema. "Wewe hapana weza sinema."

Bibi yako,
Genoveva